Salamu, Mazoea na Mfululizo: Lugha ya Ujumbe Mfupi katika Simu za Mkononi

Katika soko la Laare, upande wa Igembe Kaskazini katika Kaunti ya Meru, biashara ya miraa huanza mapema sana. Matawi huchumwa asubuhi, hufungwa mabunda, hufunikwa kwa majani ya mgomba yasije yakanyauka, kisha hupakiwa katika magari yaendayo Nairobi kwa mwendo ambao wasafiri wengine wa njia hiyo huuogopa. Haraka hiyo ina sababu yake. Kathinoni, ambayo ndiyo hasa huipa miraa nguvu, hupungua upesi baada ya tawi kukatwa, na mzigo uliokwisha kupita siku mbili huwa umepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Biashara ya namna hii haiwezi kungoja barua. Tangu simu za mkononi zilipoenea, mkulima, mnunuzi, dalali na dereva wamekuwa wakishikana kwa maneno machache machache: bei ya leo, idadi ya mabunda, gari limefika wapi, fedha zimeingia au bado.

Madhumuni ya makala hii ni kuyatazama maneno hayo machache kwa jicho la isimu. Wanaounda programu za simu wamekwisha kutambua kwamba mtumiaji hashikwi na ukubwa wa huduma aliyopewa, bali na mambo madogo yanayomfikia kwa kawaida ile ile, siku nenda siku rudi: arifa fupi, swali la neno moja, pongezi ya kumaliza kazi, hesabu ya siku alizohudhuria bila kukosa. Maelezo ya jambo hili aghalabu hutolewa na wanasaikolojia na wafanyabiashara. Lakini jambo lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la biashara, na wasemaji wa Kiswahili walikuwa nalo zamani, kwa jina la salamu.

Maongezi yasiyopasha habari

Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski, katika makala iliyoambatishwa kwenye kitabu cha Ogden na Richards, alieleza kwamba kuna maongezi ambayo kazi yake si kupasha habari bali kuwaunganisha watu. Roman Jakobson, mwaka 1960, aliiingiza fikira hiyo katika orodha yake ya dhima sita za lugha, akaifanya kuwa dhima ya kuhakikisha kwamba njia ya mawasiliano i wazi. Malinowski aliyapata hayo katika visiwa vya Trobriand. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri mbali kiasi hicho. Mtu aulizwapo "Habari za nyumbani?" hujibu "Nzuri" hata kama ndani ya nyumba hiyo mna mgonjwa, na salamu zikiisha ndipo huanza kusimulia habari za mgonjwa. Jibu lake la kwanza halikuwa uongo, kwani lilikuwa ni kuitikia tu.

Schegloff na Sacks waliongeza jambo jingine mwaka 1973, kwamba kauli nyingi huenda jozi jozi. Ya kwanza huidai ya pili, na ya pili isipokuja, kule kutokuja kwake nako huonekana. Anayepiga hodi akakosa kusikia "karibu" hasemi kwamba hakuna kilichotokea. Husimama pale mlangoni akajiuliza: hawapo, wamelala, au hawanitaki? Maswali hayo matatu yatarejewa hapo mbele, kwa kuwa ndiyo maswali ambayo programu ya simu hujiuliza, au ingepasa ijiulize, pale mtumiaji wake anaponyamaza.

Neno "Mambo?"

Mfano bora kabisa wa jambo hili katika Afrika Mashariki haukutoka katika biashara bali katika hospitali. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walioongozwa na Richard Lester waliwaandikisha wagonjwa 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika kliniki tatu za Kenya, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Wagonjwa 265 walipata matunzo ya kawaida. Wengine 273 walipata matunzo hayo hayo pamoja na nyongeza ndogo: kila juma muuguzi aliwatumia ujumbe wenye neno moja, "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule ambaye hakujibu kabisa, alipigiwa simu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Katika kundi la salamu, asilimia 62 ya wagonjwa walisema kwamba walizitumia dawa zao ipasavyo. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 50. Hayo ni maneno ya wagonjwa wenyewe, lakini vipimo vya damu navyo vilielekea upande huo huo: asilimia 57 ya kundi la kwanza walikuwa na virusi vichache visivyoweza kuhesabika, dhidi ya asilimia 48. Wapo wagonjwa walioeleza kwamba ujumbe ule uliwafanya waone kuna mtu anayewajali.

Madaktari waliyasoma matokeo haya kama habari ya dawa. Mwanaisimu hana budi kuuliza kwa nini neno lililochaguliwa lilikuwa hilo. "Mambo" ni wingi wa "jambo", na katika umbo hili la salamu halina kitenzi wala kiambishi cha nafsi. "Hujambo?" humtaja anayesalimiwa kwa kiambishi chake, "Mambo?" halimtaji mtu. Wala halitaji dawa, kliniki, au ugonjwa. Katika nyumba ambamo simu moja hushikwa na watu watatu, yeyote atakayeuona ujumbe ule ataona salamu tu, tena salamu ya kawaida mno isiyoweza kumtia mtu shaka. Upungufu wa maana ndio uliolifanya neno lifae. Sentensi kamili, yenye mtendwa na mtenda, ingemfichua mgonjwa.

Lakini majibu yaliyowekwa hayakufuata desturi ya salamu hiyo. Katika mazungumzo ya kawaida "Mambo?" huitikiwa "Poa" au "Safi". Anayejibu "Shida" huwa amevunja adabu ya salamu, au huwa anatania. Watafiti, wakijua au bila ya kujua, walilitwaa umbo la salamu wakalitia ndani yake swali la kweli, wakampa mgonjwa ruhusa ambayo salamu ya mtaani haimpi: ruhusa ya kusema mara ya kwanza kwamba hali si nzuri. Kwa upande mmoja mgonjwa alipata wepesi wa kuitikia jambo lililozoeleka. Kwa upande mwingine kulikuwa na mtu aliyelisoma jibu. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya "Mambo?" ya kliniki na arifa nyingi za programu za leo, ambazo humwuliza mtumiaji hali yake bila ya kuwapo mtu wa kusikia jibu.

Utafiti mwingine wa wakati huo huo unasaidia kuipima hoja hii. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, Pop-Eleches na wenzake waliwagawa wagonjwa 431 katika makundi. Baadhi walipata ujumbe wa kukumbushwa dawa kila siku, wengine mara moja kwa juma, na wengine hawakupata chochote. Tena ujumbe wenyewe ulikuwa wa aina mbili, mfupi wa kukumbusha tu, na mrefu ulioongezwa maneno ya kutia moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliokumbushwa kwa juma walifanya vizuri zaidi: asilimia 53 kati yao walifikia kiwango cha kutumia angalau sehemu tisa kwa kumi za dawa zao katika majuma 48, dhidi ya asilimia 40 ya wasiokumbushwa. Waliokumbushwa kila siku hawakuonyesha tofauti ya maana na wasiokumbushwa kabisa. Na yale maneno ya kutia moyo hayakuongeza kitu.

Pengine jambo hili la mwisho litawahuzunisha watu wa fasihi, lakini ni jepesi kulieleza. Ujumbe wa Chulaimbo haukudai jibu. Kauli ya kwanza ilitamkwa na ya pili haikutarajiwa. Na kauli ya namna hiyo ikirudiwa kila siku hugeuka kuwa kelele, kama mwadhini wa saa ya ukutani ambaye wenye nyumba wamekwisha kumzoea hata hawamsikii. Kurefusha maneno hakuwezi kuponya kasoro hiyo.

Hata hivyo haifai kulipa neno "Mambo?" nguvu za uganga. Huduma hiyo hiyo ilijaribiwa tena Kibera, kwa watu 700 waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza wa matunzo, ili kuona kama itawafanya waendelee kuhudhuria kliniki. Matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti: katika kila kundi takriban watu wanne kati ya watano walikuwa bado wanahudhuria. Salamu huifungua njia ya mawasiliano; haimlipii mtu nauli, wala haimwombei ruhusa kazini.

Jahazi lililo mbali na bahari

Biashara nayo ilijifunza. Huduma ya M-Pesa ilianza rasmi mwezi wa Machi mwaka 2007, baada ya majaribio yaliyolenga kuwarahisishia wakopaji kurejesha mikopo yao. Ikaonekana kwamba watu walipenda zaidi kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Katika Laare, ambako mali kwa kauli ni desturi ya siku nyingi, ujumbe wa uthibitisho ulichukua mahali pa stakabadhi. Anayepeleka na anayepokea, kila mmoja huandikiwa papo hapo. Tendo ni dogo, lakini halikosi kuja, na ni vigumu kufikiri kwamba watu wangeikabidhi simu fedha zao kama ujumbe huo ungekuwa unakuja leo na kukosa kesho.

Kwa Kiswahili ujumbe wa namna hii hutumia neno "Imethibitishwa". Umbo lake lastahili kutazamwa. Kiambishi "i-" hakina nomino inayoonekana. Msomaji atajaza mwenyewe, shughuli, au hesabu, au chochote. Kitenzi ni cha kutendwa na mtenda hakutajwa. Hakuna aliyethibitisha, imethibitishwa tu. Kiswahili cha ofisini kimeipenda kauli ya kutendwa tangu enzi za matangazo ya serikali, nayo hapa imefaa sana, kwa sababu mashine haina jina la kutia sahihi.

Majina ya huduma zilizofuata ni somo peke yake. Mtu huweza "kusambaza" salio la simu kwa jamaa yake. Salio likimwishia, huweza kukopa kwa "Okoa Jahazi". Tangu Novemba 2012 ameweza kuweka akiba na kukopa katika "M-Shwari". Mkulima wa Igembe, anayekaa chini ya milima ya Nyambene mamia ya kilomita kutoka pwani, huliokoa jahazi asilolipanda katika bahari iliyo shwari asiyoiona. Hakuna ubaya. Sitiari za bahari zimekuwa mali ya Kiswahili chote, na pengine ugeni wake huko bara ndio unaozipa haiba.

"Fuliza", iliyoanza Januari 2019, ni mfano wa kina zaidi. Kufuliza ni kutenda bila kusita, kushika mwendo pasipo kusimama. Ni ndugu ya "fululiza", ambamo hutoka "mfululizo". Huduma hiyo humwezesha mtu kukamilisha malipo hata kama fedha zilizomo katika hesabu yake hazitoshi, na kilichopungua huwa deni. Leo mtu wa Kenya asemapo "nimefuliza" hamaanishi kwamba ameshika njia bila ya kupumzika, bali kwamba amekopa. Maana imehama katika muda mfupi sana, tena imehama kwa sababu ya kurudiwarudiwa kwa kitendo kidogo: neno hutokea pale pale penye haja, wakati salio limepungua, na jibu linalotakiwa ni kukubali tu. Ni jozi ya kauli iliyosukwa kwa ustadi. Mkopeshaji wa kale alikuwa na hatua nyingi kabla ya deni, na katika kila hatua mkopaji aliweza kuona haya akageuka. Hatua hizo zimeondolewa.

Neno hilo hilo la mfululizo linafaa kuitaja hesabu ya siku ambayo programu za kujifunza lugha humwekea mwanafunzi. Duolingo, ambayo imekuwa na kozi ya Kiswahili kwa wasemaji wa Kiingereza tangu mwaka 2017, humhesabia mtumiaji siku alizojifunza bila kukosa, na akikosa siku moja hesabu huweza kurudi mwanzo. Mwalimu yeyote wa lugha atakubali kwamba dakika tano za kila siku zina faida kuliko saa tatu za mara moja kwa mwezi. Lakini kinachohesabiwa ni mahudhurio. Mwanafunzi mwenye mfululizo wa siku 300 huenda akawa bado hajui upatanisho wa ngeli, na anachokihofia jioni, saa yake ya kulala ikikaribia, si ngeli bali namba kupotea. Ferster na Skinner walikwisha kuonyesha mwaka 1957, kwa majaribio ya njiwa, kwamba thawabu isiyojulikana itakuja lini humfanya kiumbe aendelee kudonoa kwa muda mrefu sana. Michezo ya kamari ya simu imejengwa juu ya msingi huo, na vijana wa masoko ya Kenya, Laare ikiwamo, hawakuepushwa nayo.

Tena kuna hali ambamo salamu hugeuka kuwa dai. Kabla ya sheria kubadilishwa, baadhi ya programu za mikopo zilianza kwa maneno matamu ya asubuhi na kuishia kuwapigia simu jamaa na marafiki waliomo katika orodha ya namba za mkopaji, ili aaibike. Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikayakataza matendo ya namna hiyo. Kwa lugha ya uchambuzi huu, kilichokatazwa ni kauli inayomwendea mtu wa tatu baada ya mtu wa pili kunyamaza.

Lugha gani, na kwa heshima gani

Laare huongea Kiigembe nyumbani. Sokoni, ambako wanunuzi wa Kisomali na madereva wa kila kabila hukutana, Kiswahili hutawala. Simu nyingi hufunguliwa kwa Kiingereza. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza; lakini tafsiri ya orodha ya huduma ni jambo moja, na salamu ni jambo jingine. "Mambo?" ni neno la marika. Kijana akimwambia hivyo mzee wa Igembe, tena mzee aliyekaa katika baraza la Njuri Ncheke, atakuwa amemkosea, na mashine ikimwambia hivyo itakuwa imemkosea zaidi kwa sababu haina hata udhuru wa ujana. "Shikamoo" haijashika mizizi katika sehemu hizo. "Habari yako, mzee" ingefaa, ila programu haijui kama anayeishika simu ni mzee au ni mjukuu wake aliyetumwa kumsomea.

"Muuga", salamu ya Kimeru ambayo hata kituo cha redio kimeitwaa kuwa jina, huenda ikawa njia nzuri ya kuingilia. Taabu itaanza baada ya salamu. Kimeru cha vitabu kimesimama zaidi juu ya Kiimenti, na msomaji wa Kiigembe hukutana katika maandishi na lahaja ambayo si ya mama yake. Anayetaka kutunga ujumbe wa maneno manne kwa watu wa Laare atakabiliwa na suala la usanifishaji ambalo makamusi hayajalimaliza.

Ipo na tatizo la amri. Orodha za huduma za simu huandikwa kwa kitenzi kitupu: "Tuma Pesa", "Toa Pesa", na baadaye "Weka namba ya siri". Kwa umbo, zote ni amri moja. Kwa maana, zile za kwanza ni maneno ya mtumiaji akiiamuru mashine, na ile ya mwisho ni mashine ikimwamuru mtumiaji. Msemaji amebadilika katikati ya mazungumzo na hakuna alama iliyoonyesha. Vijana hawaoni tatizo. Mtu mzima asomaye polepole huweza kulielewa "Toa Pesa" kwamba anaagizwa atoe, na kwa hakika kitenzi "toa" kinaruhusu maana zote mbili. Kiambishi kimoja cha nafsi kingetosha kuondoa utata huo, kama vile "Nataka kutoa pesa", lakini nafasi ya kioo kidogo ilihesabiwa kwa herufi, na kiambishi kikawa cha kwanza kutupwa.

Huduma ya iCow, iliyoanzishwa Kenya na Su Kahumbu mwaka 2011, yaonyesha kwamba kipimo cha marudio chaweza kutoka katika jambo lenyewe. Mfugaji mwenye simu ya kawaida huandikisha ng'ombe wake, na ujumbe humjia kwa kufuata siku za mimba, ambazo kwa ng'ombe ni kama 280. Hapa mfululizo umewekwa na ng'ombe, si na kampuni. Ng'ombe akizaa, mazungumzo yale huisha, mengine yakaanza. Miraa nayo ina kipimo chake, nacho ni kikali zaidi: bei ya alfajiri hii haina maana alfajiri ijayo. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, na ndege za kwenda Somalia ziliposimama Machi 2020 hadi biashara ilipofunguliwa tena Julai 2022, watu waliihitaji habari hiyo siku ile ile, wala haikufaa kwao kupelekewa maneno ya faraja kwa ratiba.

Na mtu wa Laare anyamazapo, kimya chake kina maana nyingi kuliko zile tatu za mgeni aliye mlangoni. Huenda simu imekwisha chaji; huenda salio limekwisha, naye hana la kujibia; huenda yumo shambani juu ya mti; huenda ujumbe ulikuja kwa Kiingereza na msomaji wa nyumba yuko shuleni hadi saa kumi. Programu nyingi hukijibu kimya kwa kuongeza ujumbe, wa pili, wa tatu, hata mtumiaji azifunge arifa zote. Katika kliniki zile tatu saa 48 zilipopita bila ya jibu, mtu alimpigia mgonjwa simu. Atakayetaka kutuma "Muuga" kwa wakulima wa Laare itambidi kwanza aamue ni nani atakayepiga simu hiyo, na kwa lahaja gani.